Mume wa Kwenye Riwaya

Mimi husoma hadithi za upelelezi tu. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Mtawanya kikaamua kila mtu amchagulie mwenzake kitabu asichokizoea, na Bi Somoe, muuguzi mstaafu, akanibebesha riwaya ya mapenzi, nene kama tofali. Nilisoma kurasa chache, machozi yale yakanichosha, nikampa mke wangu Zuhura anisomee kisha anisimulie.

Akanisimulia huku akimenya mihogo. Kuna mume, alisema, anayeahidi kuziba paa tangu msimu wa korosho, na sasa mvua inawanyeshea kitandani. Akitumwa samaki sokoni, huishia kwenye kahawa akibishana mpira, anarudi mikono mitupu, halafu anauliza chakula kiko wapi.

Jumamosi nikasimama mbele ya kikundi, Zuhura akiwa pale pale mkekani, nikamchambua huyo mume bila huruma. Nikasema ni mzembe asiye na aibu, na kwamba mwandishi ametia chumvi, maana mwanamke gani angevumilia hayo?

Wenzangu wakainamisha vichwa. Bi Somoe akavua miwani.

"Mwalimu, mbona kitabu hicho hakina mume? Yule binti anabaki bila kuolewa hadi ukurasa wa mwisho."

Nikamgeukia mke wangu, nimefura. "Zuhura, ulinisimulia nini?"

"Kitabu kilinichosha na mimi, Baba Salma," akajibu taratibu. "Nikakusimulia ninayoyajua."