Mama Chupa na Wanyama wa Rafuni

Kila asubuhi, kabla hajavua hata mtandio, Mama Chupa huwapitia wanyama wake katika chumba cha nyuma cha makumbusho na kuwajulia hali. Ni wanyama wadogo wa mtoni, wenye mkia bapa kama wa samaki, waliotiwa kwenye chupa za spiriti wasioze tangu kabla mama yake hajaolewa. Humtoa mmoja kwa vidole viwili, akamlaza kwenye trei, akamchana sharubu kwa mswaki wa mtoto huku akimnong'oneza, "Tulia, mwanangu, namaliza sasa hivi." Harufu ya spiriti imemganda mikononi, wajukuu wakiikimbia, huwafukuza nayo nyumba nzima akicheka.

Jana mkurugenzi mpya alisimama mlangoni, leso puani. Rafu ya chupa hizo aliitaka ili apange vikombe vya timu ya mpira ya ofisi. "Mama, machupa haya tuyamwage. Mnyama wa aina hii hakuna aliyemwona akiwa hai miaka nenda rudi. Amekwisha."

Mama Chupa hakuinua kichwa. Alimgeuza mnyama taratibu, akampima mkia, akaifuta rula kwenye aproni.

"Na wewe, baba, tangu ufike hapa hakuna aliyekuona ukifanya kazi. Mbona hatujasema umekwisha?"