Sabuni ya Kwenye Boneti

Kila nikikata mche wa sabuni, harufu yake hunirudisha Yamumbi, kijijini kwetu, na mkono unasita kidogo.

Baba alikuwa amenunua shamba la mzungu aliyerudi kwao, na pamoja na shamba akaachiwa pikapu kuukuu. Paipu yake ya petroli ilikuwa na ufa. Pesa zote zilikuwa zimemezwa na shamba, basi baba akauziba ule ufa kwa sabuni, akiikanda kama unga wa chapati. "Petroli haiyeyushi sabuni," alituambia. "Lakini mtu asiiguse."

Mimi nilikuwa na gauni jeupe la kwaya, lina doa la matope, na nyumbani sabuni ilikuwa imeisha. Jumamosi baba akikamua ng'ombe, nikafungua boneti, nikaibandua ile sabuni, nikafulia gauni langu. Usiku niliota kanisa lote likiniangalia.

Jumapili tukaenda kanisani kwa pikapu, na kabla hatujafika mjini, moto ukatoka kwenye boneti. Tuliruka wote. Baba akauzima kwa mchanga, akiuchota kwa mikono mitupu. Jirani mmoja akapita na baiskeli. "Mzee, hiyo chai ikiiva utuite."

Baba hakucheka. Aliangalia kiganja chake kilichoungua, akamwambia mama, "Ni makosa yangu. Sikuibandika vizuri."

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Halafu akaniinamia, akanipangusa majivu begani kwa ule mkono mzima, akanusa.

"Angalau wewe unanukia vizuri," akasema.

Nikamjibu, "Asante, baba."