Beki Aliyesahau Mstari

Kwa miaka kumi na moja, dobi wa hospitali aliyeitwa Tingatinga alicheza beki katika timu yao ya mpira wa magongo bila kufunga hata goli la kusingiziwa. Kutwa alikuwa akivuta mashuka ya wodi kutoka kwenye mashine, yamelowa na kuwa mazito kuliko wagonjwa wenyewe, na mabega aliyoyapata huko aliyapeleka uwanjani kila Jumamosi. Mshambuliaji akimjia, alikutana na bega kwanza, mpira baadaye.

Jumatatu moja kocha wao, mfamasia mwenye sauti ya upole, alimfuata chumba cha kufulia.

"Dada, yule beki mpya wa maabara ana magoli manne. Wewe una kadi tisa."

"Kwani kazi ya beki ni nini, kocha?"

"Siku hizi beki naye anafunga. Nguvu unazomaliza kwa kugonga watu ndizo ungefungia. Jumamosi usimguse mtu. Usipofunga, nafasi yako anachukua huyo wa maabara."

Tingatinga akacheka. Kocha alipotoka, akakaa juu ya rundo la mashuka machafu, akalia. Aliupenda mchezo ule kuliko alivyowahi kumwambia hata mumewe.

Jumamosi walicheza na timu ya walimu. Tingatinga akawa mpole mpaka akatia aibu: "Samahani, mwalimu. Pita tu, mwalimu." Walimu, ambao siku zote walimzunguka kwa mbali, sasa wakamganda kama kupe. Hakupata upenyo wa kupanda hata hatua tatu, na mapumziko yakafika hospitali wamefungwa mawili.

Kipindi cha pili mwalimu mmoja mwembamba akamkanyaga kidole cha mguu, wala hakugeuka. Uvumilivu ukamwishia. Walipoukimbilia mpira pamoja, Tingatinga akampa bega moja la haja, na mwalimu akakaa chini kuwaza.

Walimu wenzake waliona. Tangu hapo Tingatinga akigusa mpira, walimu wanakumbuka shughuli nyingine pembeni. Njia ikawa nyeupe. Akakimbia, akapiga, nyavu zikatikisika! Akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, mwamuzi akiwemo.

Mwamuzi alipopata pumzi, akalikataa goli. Kwenye magongo, goli ni lile lililopigwa ukiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Mstari ambao kwa miaka kumi na moja alizuia wengine wasiuvuke, leo mwenyewe alisahau kuuvuka. Upande wa pili walimu walicheka mpaka wakashikana.

Zikabaki dakika mbili. Akaupata mpira tena, wakampisha tena. Lakini chokaa ya mstari upande ule ilikuwa imefifia, na hakutaka kuchekwa mara ya pili. Akasimama mbele ya golikipa, mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu, hapa nimeingia ndani?"

Maisha yake yote mwalimu yule hakuwahi kuliacha swali likae bila jibu. Akainamisha kichwa, akapima kwa macho.

"Ndani, dada. Kwa hatua mbili na..."

Mpira ulikuwa umeshampita.

Hospitali ilifungwa mawili kwa moja. Kocha akamkuta Tingatinga amekaa kwenye nyasi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umegonga mtu," kocha akasema.

"Mmoja tu, kocha."

"Nimeona. Mmoja, na timu nzima ikakupisha." Akakohoa. "Jumamosi ijayo gonga mapema."