Firigisi ya Mheshimiwa

Harufu ya firigisi ikikaangwa na vitunguu bado hunipandisha mori, hata hapa jikoni kwangu Kitale. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Baba alikuwa mbunge. Mwaka ule mahindi ya nyanya yangu, Kukhu, kule Matulo yalitoka manjano na mafupi, kwa sababu mbolea ya serikali ilikuwa mchanga mtupu. Rais aliwakingia kifua walioileta, na Bunge likaletewa hoja ya kumng'oa. Baba aliinama shambani na suti yake, akachota ile mbolea, akaitia mfukoni.

"Mama, hii nitawaonyesha. Huyu mtu lazima aende."

Nilikuwa na miaka tisa. Kesho yake nilitangazia darasa zima.

Siku ya kura tulikaa uani na majirani, redio juu ya stuli. Wabunge waliitwa mmoja mmoja. Jina la Baba liliposomwa, Kukhu alijizuia hata kukohoa.

"Napinga," Baba akasema.

Majirani waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao bila kuaga. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi Baba alifika. Kukhu alikuwa amechinja jogoo, maana mtoto ni wake tu. Kwetu firigisi ni ya mwenye mji. Mwanamke haigusi, seuze kitoto cha kike.

"Ni mambo ya chama, Mama," Baba alisema akinawa. "Ukienda kinyume, wanakunyima tiketi."

"Ati chama? Si nilikuzaa kabla ya hicho chama?"

Kukhu akaitoa firigisi kwenye sufuria, akaipitisha mbele ya sahani ya Baba, akaiweka kwangu. "Kula, mama."

Nilikula nikijiona malkia. Baba akala paja, akamaliza, akaomba ugali zaidi. Ugali wa mahindi ya kununua! Hilo ndilo lisilonitoka.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba sikuwa nimependelewa. Kukhu alikuwa akipiga kura yake, na mwanawe ndiye aliyeng'olewa. Tiketi aliipata, kiti akakirudia. Firigisi hakupewa tena hadi Kukhu alipozikwa.

Leo Baba amekuja kunitembelea, mzee mwenye mvi, yuko sebuleni anasoma gazeti. Kuku ameiva. Nimempakulia paja.