Mkono Ulionyooshwa Somanga

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyomwoa mama yako. Akisikia atanuna, lakini ukweli ndio huo. Ilikuwa masika, mvua imekula kingo za daraja kusini kidogo ya Somanga, na mimi nilikuwa kijana mwenye pikipiki mpya na kichwa kigumu kuliko injini yake.

Kabla sijaendelea, nikuambie kwa nini nimekuita hapa barazani. Juzi nilikuwa natoka sokoni, nikakuona na pikipiki yako ukipenya katikati ya basi na lori, mabega umeyakunja, magoti umeyabana, na mama wa watu nyuma yako kafumba macho. Sikukuita. Mtu aliye katikati ya magari mawili haitwi jina, maana akigeuza shingo ndiyo basi tena. Nikarudi zangu nyumbani hapa Rasbura, nikanyamaza siku mbili mpaka hasira ziliposhuka. Leo zimeshuka, kwa hiyo kaa unisikilize. Chai ipo.

Wakati ule pikipiki za abiria ndiyo kwanza zinaingia huku kwetu. Kijiwe chetu pale Somanga kilikuwa na madereva wanne tu, na kila mmoja alijiona mkuu wa mkoa. Leseni sikuwa nayo. Helmeti nilikuwa nayo moja, ya kwangu, na mara nyingi niliitundika kwenye usukani ili isiniharibie nywele. Baba yangu, babu yako, alinikanya mpaka akachoka. Alikuwa akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikicheka, namwambia, mzee, miguu yangu hii ya chuma.

Siku hiyo, saa nane kasoro mchana, alikuja kijiweni mtu wa rika langu, suruali imelowa maji ya chumvi mpaka magotini. Jina lake Hamadi, fundi wa mashine za boti kule kisiwani Songo Songo. Siku nyingine angeshukia Kivinje moja kwa moja, lakini boti aliyoipata asubuhi ile ilikuwa ya samaki, na samaki walikuwa wanaletwa Somanga.

"Ndugu yangu," akaniambia, "unaweza kunifikisha Kivinje kabla ya alasiri?"

Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba amefariki alfajiri. Wanamswalia alasiri, kisha wanakwenda kuzika."

Nikamwambia pole, nikawasha pikipiki. Bei hatukuzungumza kabisa. Na njiani, mdomo wake karibu na sikio langu, akanieleza jambo ambalo ningetamani angelinyamazia, maana lisingenikaa rohoni hadi leo. Baba yake alipokuwa mgonjwa aliwakusanya wanawe, akasema mbele yao wote: siku yangu ikifika, atakayeingia kaburini kunipokea ni Hamadi. Ndiye mkubwa, na mikono yake naijua.

Unajua mwenyewe jambo hilo lilivyo kwetu. Maiti wetu halali ndani akisubiri watu wa mbali. Watasubiri kidogo, watachungulia njia, wataulizana kwenye simu, lakini jua likianza kuinama watamzika. Na yule anayesimama ndani ya kaburi, akanyoosha mikono kumpokea mzazi wake na kumlaza ubavu wake wa kulia, amefanya kazi ambayo haina kesho. Ukiikosa umeikosa. Hamadi hakuwa anakimbilia kitu kingine chochote ila hicho.

Na muda ulikuwepo, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa mwendo wa kawaida tu tungefika, tukatawadha, tukakaa mkekani na wenzetu.

Tukafika kwenye daraja, tukakuta foleni. Magari yalikuwa yanapishwa upande mmoja kwa zamu, na madereva wa mabasi kwa papara zao walikuwa wameshapanga mstari wa pili ubavuni mwa malori, hata barabara yote ikajaa. Abiria wameshuka kujinyoosha, akina mama wanauza samaki wa kukaanga na korosho. Katikati ya ile mistari miwili palibaki ujia mwembamba kama mkeka wa kuswalia. Dereva mwenye akili angeuona ujia ule akasema, hapa patapita watu kwa miguu. Mimi nikauona nikasema, njia hiyo.

Mama mmoja mwenye sinia la samaki akaniambia, "Baba, subiri, magari yanataka kuondoka." Nikampigia honi. Ndiyo, nilimpigia honi mtu mzima aliyekuwa ananitakia heri, na kama yu hai namwomba radhi.

Tukapenya. Saitimira hii, saitimira ile, pikipiki inapita kama uzi kwenye tundu la sindano, na moyoni nikajisifu. Kule mbele alisimama askari wa barabarani, mtu mzima mwenye kitambi, nguo nyeupe zimechafuka tope mpaka kiunoni. Akaniona. Akanyoosha mkono, kiganja kimenielekea, akapuliza filimbi.

Sasa nitakuambia yaliyopita kichwani mwangu, na sitayapamba. Niliwaza: leseni sina. Abiria wangu hana helmeti. Nikisimama, pikipiki inalala kituoni, na huyu bwana baba yake atazikwa bila yeye. Mwaka mzima baadaye nilikuwa nawasimulia watu kwamba nilikimbia kwa ajili ya Hamadi. Uongo mtupu. Nilikimbia kwa ajili ya leseni. Hamadi nilimtanguliza tu mbele ya hofu yangu ili nionekane mtu mwema.

Nikakata kushoto, nikapita kati ya kichwa cha lori na basi lililokuwa mwanzo wa foleni. Wakati uleule kondakta wa basi, hana hili wala lile, akafungua mlango ili aite abiria wake. Usukani ukanasa mlangoni. Mimi nikarushwa topeni, nikaamka na mchubuko wa kiwiko. Hamadi hakurushwa. Alibaki chini ya pikipiki, goti lake limebanwa kati ya chuma na tairi la lori.

Ashukuriwe Mungu lori halijaondoka. Dereva alikuwa ameshaweka gia.

Babu yako alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, mwanangu, ila haisemi ni guu la nani. Langu mimi halikuvunjika.

Yule askari akaja mbio, kitambi na yote. Nilijikunja nikisubiri kofi au matusi. Hakunitazama hata. Alisaidiana na kondakta kuinua pikipiki, akapiga magoti topeni karibu na Hamadi, akamuuliza, "Mlikuwa mnakimbilia wapi, bwana?"

Hamadi, meno yameumana kwa maumivu, akasema, "Nakwenda kumzika baba. Kivinje."

Askari akavua kofia. Ndipo akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Kijana, kwa nini hukusimama ukaniambia? Leo hii tangu asubuhi nimepitisha mjamzito na gari la maiti. Ungesema neno moja tu, msiba, ningezuia foleni yote ukapita peke yako kama waziri."

Nikasema, "Afande, leseni sina."

"Leseni ningekuuliza wakati wa kurudi," akasema.

Nimekutana na maneno makali mengi maishani, hakuna lililonikata kama hilo. Dawa ilikuwa imesimama mbele yangu na mkono umenyooshwa, nami nikaikimbia nikidhani ni ugonjwa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchi wangu, na aliyekosa ni mwenzangu.

Walilifunga goti kwa kanga ya yule mama wa samaki, yuleyule niliyempigia honi. Askari akatafuta gari dogo, akamlaza Hamadi kiti cha nyuma, akamwambia dereva ampeleke hospitali. Hamadi akakataa. "Makaburini kwanza," akasema. Nikaingia naye. Pikipiki ikabaki. Ila yote hayo yalikula muda: kumwinua, kumfunga, kutafuta gari, kulipitisha palipojaa magari. Simu yake iliita mara tatu njiani. Mara ya tatu hakuipokea.

Tulipofika, watu walikuwa wanainuka kwenye talkini, yale maneno anayosomewa maiti akishazikwa. Kaburi limeshafukiwa, udongo umelowa maji yaliyomwagiwa. Ami yake, mzee mrefu mwenye mikono ya udongo, akaja mpaka kwenye gari akainama dirishani.

"Tulikungoja, mwanangu," akasema. "Tulikungoja mpaka jua likakataa. Nimeingia mimi kwa niaba yako."

Hamadi akauliza, "Alikuwa mzito?"

"Hapana. Alikuwa mwepesi sana."

Hamadi akalia hapo. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, akalia kwa sauti, nami nikageukia dirisha la pili nikakuta hakuna pa kutazama. Ami akaniuliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo, Hamadi akasema, "Huyu ndiye aliyenileta." Kosa langu hajalitaja mpaka leo.

Kesho yake nilirudi Somanga kwa miguu na lifti. Ningeweza kutoroka, nikaiacha pikipiki, lakini sikuweza. Yule askari alinishughulikia kwa mujibu wa sheria yake, kila kosa na adhabu yake, sikubishana. Tulipomaliza akaniambia jambo nililolichukua. Alisema, "Nikinyoosha mkono, si lazima nakuzuia wewe. Wewe unaniona mimi, mimi naona kile kilicho nyuma yangu." Kumbe siku ile alikuwa ameshawaruhusu wa mwisho wa upande wa pili, kabla ya zamu yetu. Hata kama kondakta asingefungua mlango, pale darajani tungekutana uso kwa uso na lori la magogo.

Sikudanganyi kwamba askari wote ni kama yule. Utakutana na aliyegombana nyumbani kwake akaja kumalizia hasira kwako. Utakutana na anayekusimamisha kwa sababu jua kali na yeye anataka mtu wa kuzungumza naye. Simama hata kwa huyo. Kuzungushwa nusu saa kunakera, najua, lakini hakuna aliyezikwa kwa kukereka.

Goti la Hamadi lilipona vibaya. Halikunjiki. Anaswali amekaa kitini mpaka leo, na kila Ijumaa nikienda kusujudu namkumbuka.

Babu yako alipofariki, ulikuwa mdogo, hukumbuki, alikuja mtu mmoja na fimbo kutoka Songo Songo. Alitoka usiku, akafika hapa Lindi mapema kuliko majirani. Ndiye huyo. Tulipofika makaburini mimi nikaingia kumpokea baba. Hamadi hakuweza kuingia, goti lisingekubali. Akasimama ukingoni. Nilipokwisha kumlaza mzee, zikatakiwa zile mbao za kumfunika, viunza, na aliyekuwa ananipa kutoka juu alikuwa Hamadi. Akainama kadiri mguu ulivyomruhusu, akanipa kiunza cha kwanza, akaona nakipokea kwa papara.

"Taratibu," akaniambia. "Leo hakuna anayetukimbiza."

Niliinamisha uso nikakipanga kile kiunza, na cha pili, na cha tatu. Nilikuwa nafanya kazi ambayo yeye nilimnyang'anya, na yeye ndiye aliyekuwa ananisaidia kuifanya vizuri. Sijui kama ningekuwa mimi ningeweza.

Basi sikia, mwanangu. Ule upenyo kati ya gari na gari si njia. Ni mahali pa watu kufungua milango, kushuka, kutema mate, kuvuka na watoto wao. Usiuingie, hata kama wenzako kumi wamepita mbele yako wakakucheka. Ukiona mkono wa askari, simama, zima pikipiki, sema una shida gani. Ukiwa na kosa, liseme kabla hajalitafuta. Leseni yako iwe mfukoni, helmeti ziwe mbili, na ya abiria iwe nzuri kuliko yako, maana wewe umeichagua hatari na yeye amekuchagua wewe tu. Mtu akikuambia ana haraka, mwulize haraka ya nini. Mara nyingi jibu lake ndilo litakalokufundisha kwenda polepole. Kawia ufike, walisema wazee, na neno kubwa hapo ni kufika.

Mungu akulinde mbele na nyuma, na ubavuni penye milango. Akupe abiria wanaofika. Akuachie magoti yako yakunjike mpaka uwe mzee kama mimi. Na siku yangu ikifika, mwanangu, usiharakishe, watanisubirisha kidogo. Mungu akufikishe mzima, uingie unipokee.