Kadi ya Dhahabu ya Mzee Gathii

Mimi ndiye niliyemwambia mzee Gathii kwamba chumba kimejaa. Nasema hili mapema ili msije mkanionea huruma baadaye.

Gathii aliuza dawa za mifugo. Kwake ni nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya Suam, ambako wazazi wake walihamia kutoka Nyeri yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kila Jumatatu alikuja Bungoma na pikapu ya kampuni, akazunguka maduka ya Kabuchai na Sirisia akiuza dawa za kupe na minyoo, na jioni akalala hotelini kwetu. Jumatano alirudi kwa mke wake na ng'ombe wake watatu. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Nilipoajiriwa mapokezi nilimkuta, na mameneja watatu wamekuja wakaondoka yeye akiwa palepale namba tatu, chumba cha karibu na jiko, kinachonuka vitunguu hata ukifungua madirisha yote.

Hoteli yetu ina matawi, na matawi yana kadi za wateja wa kudumu. Ukilala siku za kutosha unapewa ya fedha, halafu ya dhahabu. Nyuma ya ile ya dhahabu wameandika kwamba mwenye nayo atapewa chumba bora kuliko alicholipia, kikiwa wazi, atakuta matunda mezani, na siku ya kuondoka atakaa hadi saa kumi alasiri. Gathii alikuwa na hiyo kadi mwaka wa nne sasa. Matunda hakuwahi kuyakuta. Yeye ndiye aliyetuletea sisi: maparachichi ya shambani kwake, kwenye mfuko wa karatasi, anauweka kaunta anasema, "Nelima, gawia wenzako."

Chumba bora kilikuwepo. Namba kumi na nne, ghorofani, chenye roshani na kitanda ambacho watu watatu wangekilalia bila kugusana. Lakini kila meneja aliyekuja alitupa agizo lilelile: kumi na nne hapewi mtu. Kinangoja mheshimiwa. Mheshimiwa gani? Yeyote. Msafara unaweza kuingia bila hata kupiga simu, na ole wako mheshimiwa aambiwe angoje chumba kifagiliwe. Basi tunakitandika kila asubuhi, tunabadilisha ndizi zikianza kuwa nyeusi, na kitanda hakilaliwi. Kwa mwaka mzima labda kinapata mgeni mara sita. Mtu mwingine akiuliza, kimejaa. Hilo neno "kikiwa wazi" la kwenye kadi lilikuwa uongo mtupu, na sisi tulilipwa kuusema huku tukitabasamu.

Ukipiga kelele, ndiyo, unapewa. Nimeona mtu asiye na kadi yoyote akipiga kaunta ngumi, na ufunguo ukashuka. Gathii hakuwa mtu wa ngumi. Aliuliza mara moja kila wiki, kama anayeomba maji ya kunywa, "Leo ile ya juu iko?" Nikimwambia imejaa, anasema asante, anachukua ufunguo wa namba tatu. Ile adabu yake ilinikera sana, kwa sababu iliniachia mimi aibu yote.

Mwezi wa saba mwaka jana alinipigia simu.

"Nelima, Jumatatu hii ndiyo yangu ya mwisho, nastaafu. Nakuja na mama Ciru. Miaka hii yote hajawahi ona mahali nalalanga. Nimemwambia tutalala ile ya juu. Si utaniwekea?"

Nilimwendea meneja, Bwana Wakhungu. Hakuinua hata macho kutoka kwa simu yake. "Nelima, tafadhali. Kuna kamati ya kaunti inaenda Sirisia hiyo wiki. Wakikuja hapa nitawalaza wapi, kwa kichwa yako?"

Sikumpigia mzee kumwambia. Ulikuwa woga, sina jina lingine la kuupa.

Walifika saa kumi alasiri. Wakonyo, mkewe, alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vipya vilivyombana. Nilijua kwa jinsi alivyokanyaga. Gathii aliweka mfuko wake wa maparachichi kaunta kama kawaida.

"Huyu ndiye Nelima nakuambianga," akamwambia mkewe. "Hawa ni watu wangu. Hapa wananijua."

Kisha, mara ya kwanza kwa miaka minne, akaitoa ile kadi mfukoni na kuilaza mbele yangu.

"Pole, mzee. Ile ya juu imejaa."

Nyuma yangu kuna ubao wa funguo, kila mmoja na kibao chake cha namba. Wakonyo aliutazama. "Na hiyo kumi na nne si iko hapo?" Hakuwa mkali. Aliuliza tu.

"Hiyo iko na mwenyewe, mama. Hajafika."

"Atafika saa ngapi?"

Nikasema sijui. Gathii akacheka kidogo, akiangalia chini. "Si neno. Namba tatu imenizoea." Akarudisha kadi mfukoni, akabeba mabegi yote mawili.

Kamati haikuja. Hata Sirisia haikufika, safari iliahirishwa. Asubuhi nilipanda kumi na nne nikakuta shuka hazina kunyanzi hata moja, ndizi tano kwenye sahani, na jua limejaa roshani yote. Chini, jikoni walikuwa wakikaanga vitunguu tangu alfajiri. Nilikasirika. Halafu nikafunga mlango, nikashuka kazini.

Wao walikuja mapokezi saa tatu. Wakonyo mwenyewe ndiye aliyerudisha ufunguo. Akatazama ubao tena, akamgeukia mumewe, na akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Baba Ciru, si uliniambia hapa wanakujua?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema, mama, tunamjua. Chai yake haina sukari. Mama yangu alipofariki alikuja hadi Kabuchai kumzika, viatu vyake vikajaa matope, na ndiye mgeni pekee wa hoteli hii aliyekuja. Lakini Wakhungu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Gathii alinisubiri. Niliona akinisubiri. Kisha akasema, "Asante, Nelima," akamshika mkewe mkono wakatoka.

Wakhungu alisogea dirishani, akawatazama wakipanda pikapu.

"Hao ni nani?"

"Wateja tu, bosi."

Akauona mfuko kaunta, akachungulia ndani, akabonyeza parachichi moja kwa kidole gumba. "Hizi ni mzuri. Toa zile ndizi, weka hizi huko kumi na nne."

Nikapanda nazo.