Siku Niliyoitafsiri Sinema ya Mpiga Firimbi

Aibu hii nimeibeba miaka mingi na sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, maana kila nikianza nafika mahali pa buti za mpira naishia hapo, lakini kwa kuwa leo mmenibana mkitaka kujua kwa nini sikanyagi penye sinema hata nikialikwa na harusi nzima, basi nitasema, na mkicheka mcheke polepole kwa sababu aliyeumia siku hiyo si mimi.

Ilikuwa enzi zile sukari ilipokuwa sukari. Watu waling'oa hata migomba ya mama zao ili wapande miwa, na ukisema unafanya kazi kiwandani ulisalimiwa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na Kiingereza cha kujivunia (kilikuwa Kiingereza cha kusoma, si cha kusikia, tutafika huko), na aliyeniingiza kiwandani ni mjomba wangu Shitanda, kaka ya mama. Kwetu mjomba ni khotsa na mtoto wa dada yake ni mwiwa, na mwiwa ana mazoea kwa khotsa wake ambayo hata watoto wa kuzaa hawana. Khotsa alikuwa fundi wa boila tangu kiwanda kianze kutoa moshi. Alienda akasimama mbele ya meneja akasema, huyu ni mwiwa wangu, akiharibu niulizeni mimi. Nikapewa ukarani wa ustawi kwa majaribio ya miezi mitatu, yaani mechi za mpira, ngoma, na sinema ya kila mwisho wa mwezi katika ukumbi wa wafanyakazi. Nililala kwake, nikala obusuma yake, yaani ugali, nikanywa chai yake iliyokuwa tamu mpaka meno yanashikana.

Chai naitaja kwa sababu. Khotsa alikuwa na mwendo wake, miguu imepanuka, taratibu, kama mtu anayevuka matope, ndani ya buti za mpira zinazofika magotini, na buti hizo hakuzivua mbele ya mtu hata nyumbani, aliingia nazo chumbani akafunga mlango. Watu wa laini (zile nyumba za wafanyakazi tuliziita laini) walikuwa wakikonyezana kwamba mzee hupita getini na kilo mbili za sukari kila mguu. Mimi sikuwahi kuona hata punje moja. Lakini nilichukua buti nikaunganisha na chai, nikaamini, tena nikamsifu moyoni kwa ujanja.

Sasa sinema. Nilienda Kakamega mjini kwa bwana mmoja mnene aliyekodisha filamu katika chumba nyuma ya duka la vitambaa, nikakuta amebaki na mbili tu. Moja ilikuwa ya vita, ambayo watu wetu walikuwa wameiona mara nyingi mpaka wanawaonya askari kabla risasi haijapigwa. Nyingine ilikuwa na picha ya mzungu mwenye miwani mikubwa, nywele zimesimama, firimbi mdomoni, mashavu yamevimba. Jina lake la Kiingereza, ukiligeuza neno kwa neno, ni Mpiga Firimbi.

"Hii ni ya kuchekesha?" nikamuuliza.

"Si umeona hiyo picha mwenyewe? Watu wanachekanga mpaka wanashika ukuta."

"Wewe umeiona?"

"Mimi hapana. Niko na presha, daktari alinikataza kucheka."

Nikaichukua. Mnielewe, kwetu wapiga firimbi ni wawili tu, refa wa mpira na nyapara wa miwa, yule anayepiga firimbi asubuhi wakata miwa waanze kufyeka na mchana akapiga tena wapumzike. Kwa kuwa mzungu wa picha hakuwa na panga wala miwa nyuma yake, niliamua ni refa. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nikachukua chaki nikaandika kwenye ubao wa matangazo: SINEMA! VITUKO VYA REFA! MTACHEKA MPAKA MLIE! Kufikia Alhamisi timu nzima ya mpira ilikuwa imeahidi kuja na jezi, meneja akasema ataleta mke wake, na Koplo, mkuu wa walinzi wa geti (alikuwa polisi zamani, cheo kikamganda), akasema atakaa mbele aone refa akipigwa.

Jumamosi saa nane mchana tuliziba madirisha kwa magunia matupu na ukumbi ukajaa hadi watu wakakaa juu ya ngoma za klabu. Mbele kabisa alikaa meneja na mke wake, halafu Koplo, halafu khotsa, niliyemwekea kiti mwenyewe kwa heshima yake, amevaa koti la kanisani na zile buti. Mimi nilisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, kwa sababu sinema zetu zilikuwa za Kiingereza na karani ndiye mkalimani.

Dakika kumi za kwanza mzungu alipiga mswaki. Kumi zilizofuata alikaa ofisini akifungua faili, akazifunga, akafungua zilezile. Golikipa akapaza sauti kutoka nyuma, "Karani, refa anaingia uwanjani saa ngapi?"

"Bado anavaa," nikajibu.

Waigizaji walikuwa wanaongea Kiingereza cha puani, na mimi nilikuwa nadaka neno moja katika kumi. Nilichokusanya ni kwamba mtu huyu ni mkubwa katika kiwanda cha sharubati, kwamba wenzake wanafanya jambo baya, na kwamba anaenda kunong'ona na watu wa serikali huku akijisemea peke yake kama aliyerogwa. Mara anasema kweli, mara anadanganya haohao anaowanong'onezea, mpaka sikujua mwizi ni nani na mwema ni nani. (Baadaye sana mwalimu mmoja wa Butere ndiye alinifungua macho kwamba kwa Kiingereza mpiga firimbi ni mtu anayefichua siri za ndani ya kazi yake. Kwa nini wasiseme mfichuaji tu, hilo mwalimu naye hakujua.) Firimbi yenyewe haikuonekana hata mara moja.

Hakuna aliyecheka. Na ukimya wa watu mia tatu waliokuja kucheka si ukimya wa kawaida, unausikia mgongoni. Meneja aliangalia saa. Mama mmoja akasema bila kujificha, "Karani, si uliandika tutacheka? Nimeacha ingokho yangu kwa moto, hiyo kuku itaungua bure." Nilikuwa natoa jasho hadi kipaza sauti kinateleza, nikiona majaribio yangu yanaishia hapo na khotsa akiulizwa, kama alivyosema mwenyewe aulizwe.

Basi ikaja sehemu yule mzungu amefungiwa mguuni kijimashine cha kunasa sauti, chini ya suruali, ili akawarekodi wakubwa wake. Anatoka kiwandani, anaelekea getini, na kwa sababu ya kile chuma anatembea miguu imepanuka, taratibu. Hasemi kitu. Hapakuwa na la kutafsiri, na mimi nilikuwa na kipaza sauti na hofu.

"Sasa angalieni," nikasema, "huyu anatoka kazini. Kwa buti amejaza sukari, kilo mbili huku, kilo mbili huku. Nyumbani wanasema chai ni tamu, hawajui imetembea!"

Halafu ukumbi ukalipuka. Jamani, mimi sijawahi kusikia kicheko kama kile, watu walipigana mabegani, mke wa meneja alimuuliza mume wake akaelezwa naye akacheka, na Koplo alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake. Moyo wangu ukapanda. Nikasema hapa nimepapata, nikaongeza: "Mlinzi anamwambia, habari ya jioni, mzee. Mzee anajibu kwa upole, asije akamwaga!"

Wakaanguka. Ila sasa niliona jambo lisiloeleweka, kwamba hawakuwa wanaangalia kitambaa. Walikuwa wanaangalia viti vya mbele. Koplo naye aliacha kucheka ghafla, akageuza shingo akatazama chini, upande wa khotsa. Nikafikiri Koplo hajasikia vizuri. Wallahi nilifikiri hajasikia, nikamrudia mzaha wote tangu mwanzo, kilo mbili huku, kilo mbili huku.

Khotsa akasimama. Alishika njia ya katikati kuelekea mlangoni, na njia ile ilikuwa ndefu, na kwenye kitambaa mzungu alikuwa bado anatembea, kwa hiyo wakawa wawili wanaotembea mwendo mmoja. Mtu akapiga kelele, "Mzee, usimwage!" Nami nilicheka. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, si pengine. Kilikuwa kicheko kimenitoka kabla sijajua nacheka nani, na nilipojua, Koplo alikuwa tayari ameinuka na kumfuata.

Niliangusha kipaza sauti nikatoka mbio, na nusu ya ukumbi ikatoka nyuma yangu.

Nje jua lilikuwa kali. Koplo alikuwa amemsimamisha khotsa chini ya nguzo ya bendera.

"Vua, mzee."

"Koplo, mimi niko hapa kabla yako."

"Najua. Vua tu. Kama hakuna kitu utaenda zako."

Alikaa chini mwenyewe. Buti ya kulia ilitoka haraka, haikuwa na kitu. Ya kushoto aliivuta taratibu akiuma meno, na ndani yake hakukuwa na sukari. Kulikuwa na mguu uliofungwa matambara kutoka kifundo hadi karibu na goti, na matambara yalikuwa yamelowa. Alikuwa ameunguzwa na mvuke wa boila miaka iliyopita, kidonda kikapona juu kikaoza chini, na yeye akakificha kwa sababu fundi asiyeweza kusimama hurudishwa kwao, na nyumba ya laini anaiacha siku hiyohiyo.

Meneja alikuwa amefika. "Shitanda, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenikuta hapa?" khotsa akajibu, akaanza kuivaa tena buti ya kulia. Mimi nilitaka ardhi inimeze, sina neno lingine.

Jioni hiyo nilimuuliza mke wa khotsa, Mama Rosa, kuhusu ile sukari ya chai, maana akili yangu ilikuwa imevurugika kabisa na nilitaka angalau kitu kimoja kieleweke. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza rangi ya majani.

"Ni ile ya mgao ya wafanyakazi. Yeye anakunywanga chai chungu tangu ukuje. Alisema mwiwa wake asome ama afanye kazi, lakini asikose sukari."

Miezi miwili nilikuwa nimekaa naye meza moja na sikuwahi kutazama kikombe chake.

Mngetarajia nifukuzwe, sivyo? Jumatatu meneja aliniita akanipa mkono, akasema tangu aje hajaona ukumbi ukifurahi vile, na majaribio yangu yakaishia hapo, nikawa karani wa kudumu. Khotsa alipelekwa hospitali ya Iguhu, mguu ukatibiwa ukabaki, lakini daktari akaandika asikaribie boila tena. Meneja alimwonea huruma, akampa kiti pale getini awe anapekua watu wanapotoka. Na kwa kuwa mzaha wangu ulikuwa umemwamsha Koplo, Jumatatu hiyohiyo kila mtu aliamriwa kuvua buti, na waliokutwa na sukari ya kweli walikuwepo, tena miongoni mwao wale waliokuwa wakikonyezana.

Sasa fikirieni watu waliona nini. Mzee amesimamishwa na Koplo, kisha wenzake wamekamatwa, kisha mzee amepewa kiti. Kwao hesabu ilikuwa imekamilika, Shitanda amewataja wenzake. Mafundi wa boila aliokula nao miaka yote waliacha kumsalimia, walipita wakitazama juu ya kichwa chake, na jina walilompa ni Refa, lile lile nililoliandika kwa chaki yangu. Mtu ambaye hakuwahi kumchongea yeyote, ambaye hata maumivu yake mwenyewe hakuyaripoti.

Nilimwendea kumwomba radhi. Nikasema, "Khotsa, sikuwa namaanisha wewe."

"Ulikuwa unamaanisha nani?"

Nikaenda kufunga mizigo yangu, na swali lake nikaondoka nalo. Ndiyo maana nimeapa, kinywa nisichokielewa sitakisemea, kiwe cha mzungu wa kwenye kitambaa au cha jirani wa mlango wa pili, hata ukumbi ulale usingizi wote.

Nilihama kwake nikapata chumba changu, lakini geti lilikuwa moja. Kila jioni alinyanyuka kwenye kile kiti, ingawa mguu ulimuuma na wengine aliwapekua akiwa amekaa, akaniambia, "Karani, vua viatu." Nilivua. Alivikung'uta kimoja kimoja, akatia mkono ndani mpaka kwenye vidole, akavipanga chini. Jioni moja nilishindwa, nikamwambia, "Khotsa, wewe unanijua mimi. Unatafuta nini humo?"

"Nilifikirianga nakujua," akasema, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nikainama nikavaa viatu vyangu, nikapita.